Damu Ukishaitoa ni ya Nani?

Masomo: 2 Samweli 23:13-17, Luka 10:25-37, 2 Wakorintho 8:16-21



Jumapili ya tatu ya mwezi ujao wahudumu wa damu watakuja tena hapa kanisani. Tangu tangazo lisomwe, nimepata simu nyingi. Wengine wanauliza mambo ya kawaida, kama sindano inauma kiasi gani. Lakini kuna swali moja linalorudi, na wanaoliuliza ni watu ambao mara ya mwisho walikuwa wa kwanza kwenye foleni. Mama mmoja wa kanisa letu aliniuliza hivi: "Pasta, sisi tulitoa damu hapa mwezi wa nne. Mwezi wa nane wifi yangu amejifungua, akapoteza damu nyingi, hospitali ikatuambia tulete watu watatu watoe damu. Sasa yetu ilienda wapi? Kama siku ya shida hatuipati, tunatoa ya nini?"

Hilo si swali la kunyamazishwa kwa kusema "mtumaini Bwana tu". Mtu aliyesimama nje ya chumba cha kujifungulia akipiga simu kutafuta damu ana haki ya kujibiwa. Na ukilitazama vizuri, ni maswali matatu yaliyofungwa pamoja. La kwanza: damu yangu ilikwenda wapi? La pili: nikishatoa kitu, bado nina dai juu yake? La tatu: yule aliyekishika kwa niaba yangu anawajibika kwa nani? Hebu tuyachukue moja baada ya jingine.

Safari ya mfuko mmoja

Mtu mzima ana damu kama lita 5 mwilini. Mfuko mmoja hubeba mililita 450, yaani chini ya sehemu moja ya kumi. Maji yaliyopotea hurudi ndani ya siku moja au mbili, na chembe nyekundu hurudi polepole kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana mwanaume huambiwa angoje miezi mitatu kabla ya kutoa tena, na mwanamke miezi minne.

Ndani ya ule mfuko, hata kabla hujachomwa sindano, tayari kuna dawa ya maji inayoitwa sitrati, ambayo huzuia damu isigande, pamoja na sukari ya kuzilisha chembe. Matumizi ya sitrati yalianza mwaka 1914. Kabla ya hapo, kwa kawaida mtoaji alilazimika kuwa karibu na mgonjwa, damu itoke kwa huyu iingie kwa yule wakati huo huo. Mtoaji alimwona mpokeaji uso kwa uso. Hiyo dawa ndiyo iliyowatenganisha. Kwa sababu yake damu iliweza kungoja, ikaweza kusafiri, ikaweza kumfikia mtu ambaye hutamjua kamwe. Shika jambo hilo akilini, tutalirudia.

Pamoja na mfuko, vichupa vidogo hujazwa kwa ajili ya vipimo, na vyote hupewa namba moja. Jina lako halisafiri na mfuko. Kutoka hapa kanisani mifuko hubebwa kwenye masanduku ya baridi hadi maabara ya kanda. Nchini Kenya vituo vikubwa vya kanda viko Nairobi, Mombasa, Nakuru, Eldoret, Kisumu na Embu. Huko hupimwa kundi la damu, yale makundi A, B na O ambayo daktari Karl Landsteiner aliyatangaza kule Vienna mwaka 1901. (Siku yake ya kuzaliwa, tarehe 14 Juni, ndiyo dunia huadhimisha Siku ya Wachangia Damu.) Kisha hupimwa magonjwa manne: virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya B, homa ya ini aina ya C, na kaswende. Mfuko ukipatikana na ugonjwa, hautumiki. Unaharibiwa, na mtoaji anaweza kupewa majibu yake kwa siri pamoja na ushauri.

Mfuko uliopita vipimo unaweza kuzungushwa kwa mashine mpaka ugawanyike. Chembe nyekundu huwekwa kwenye friji kati ya digrii 2 na 6, na hudumu siku 35 hadi 42 kulingana na dawa iliyotiwa. Chembe sahani, zile za kuzuia kuvuja damu, huwekwa kwenye joto la chumba zikitikiswa polepole, na maisha yao ni siku 5 tu. Plazma, yale maji ya rangi ya manjano, hugandishwa na inaweza kukaa mwaka mzima. Kwa hiyo mfuko wako mmoja unaweza kugawanyika kwa watu watatu wasiojuana: mama aliyepoteza damu akijifungua, mtoto wa kansa ambaye dawa zimemmalizia chembe sahani, na mtu ambaye damu yake imekataa kuganda.

Hospitali ikiomba damu, haimwekei mgonjwa hivi hivi. Tone la damu ya mgonjwa huchanganywa na tone la ule mfuko kuona kama zinapatana. Halafu, pale kitandani, namba ya mfuko na jina la mgonjwa husomwa tena kabla damu haijaanza kushuka.

Sasa turudi kwa hesabu. Mimi nilisomea biashara kabla ya kuitwa kwenye huduma, na mtu wa biashara akiona bidhaa yenye tarehe ya kuharibika, anaanza na kalenda. Tulitoa mwezi wa nne. Hata tuseme ilikuwa siku ya mwisho kabisa ya mwezi huo, na mfuko ulikuwa na dawa ile ya siku 42. Siku hizo zinaisha kabla ya katikati ya mwezi wa sita. Wifi alijifungua mwezi wa nane. Kwa hiyo zile chembe nyekundu zetu zisingeweza kumngojea, hata kama mtu angezifungia kwenye friji kwa kufuli na jina la kanisa letu juu yake. Kufikia wakati huo zilikuwa zimeshaingia kwenye mshipa wa mtu, au zimeshatupwa.

Kwa nini basi friji ilikuwa karibu tupu? Hapa ndipo shida yetu kama taifa ilipo. Shirika la Afya Duniani husema nchi inahitaji angalau watoaji sawa na asilimia 1 ya watu wake. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019 tulikuwa milioni 47.6. Asilimia 1 ya hao ni zaidi ya mifuko 475,000 kila mwaka, na kwa miaka mingi tumekuwa tukipata pungufu ya hitaji. Tena sehemu kubwa ya damu ya hiari nchini hutolewa na wanafunzi wa shule za sekondari. Wapendwa, mwezi wa nane shule zimefungwa. Watoto wetu wakienda likizo, friji za hospitali nazo zinaenda likizo. Sisi wenye kazi, wenye kilo za kutosha na zaidi, tumeachia watoto wa fomu tatu mzigo wa taifa.

Je, ni benki? Je, ni chama?

Swali la pili ndilo zito. Tuseme damu ingeweza kukaa miaka kumi bila kuharibika. Je, ingekuwa haki aliyetoa ahudumiwe kwanza?

Nafikiri jina "benki ya damu" limetuchanganya. Ukiweka pesa benki, ile pesa ni deni. Kwenye vitabu vya benki inaandikwa upande wa madeni, kwa sababu siku yoyote unaweza kwenda dirishani ukaidai. Wengine tunafikiria chama: mimi nachanga leo, zamu yangu itafika. Hakuna ubaya na chama. Vyama vimesomesha watoto wetu. Lakini hebu tujaribu kuendesha damu kwa sheria ya chama, tuone itatufikisha wapi. Sheria ni hii: asiyechanga hapokei, au anapokea wa mwisho.

Sasa ingia wodini na daftari la chama mkononi. Kitanda cha kwanza kuna mtoto wa miaka miwili. Malaria imemmalizia damu hadi viganja vimekuwa vyeupe. Amechanga? Hapana. Kitanda cha pili kuna msichana mwenye selimundu, ule ugonjwa wengi tunaouita siko seli. Ameongezewa damu mara nyingi, na hataweza kamwe kumtolea mwingine. Kitanda cha tatu kuna mama mjamzito. Haruhusiwi kutoa akiwa na mimba. Kitanda cha nne kuna mzee wa kisukari. Cha tano kuna mtu wa kilo 45. Sheria yetu ya chama imewafukuza karibu wodi nzima, na waliofukuzwa ni wale wale ambao damu ipo kwa ajili yao. Waliobaki ni watu wenye afya njema.

Mtu atasema, "Lakini Paulo aliwaambia Wathesalonike kwamba asiyefanya kazi asile." Soma vizuri. Paulo anamzungumzia mtu asiyetaka. Hamzungumzii asiyeweza. Kuna tofauti kubwa kati ya mvivu na mtoto wa miaka miwili.

Wengine wana wazo jingine: basi mtoaji alipwe, mambo yaishe. Hoja hii imeshajadiliwa na watu wasomi. Mwaka 1970 mwanazuoni wa Uingereza, Richard Titmuss, alilinganisha nchi yake, ambako damu ilitolewa bure, na Marekani, ambako sehemu ya damu ilinunuliwa. Alisema kununua kunaleta damu ya hatari zaidi, kwa sababu mwenye njaa ya pesa ataficha ugonjwa wake. Alisema pia kwamba bei huua hamu ya kutoa. Miaka miwili baadaye mwanauchumi Kenneth Arrow alimjibu kwa swali zuri: kama soko likiwepo, nani amemzuia anayetaka kutoa bure aendelee kutoa bure? Tumeongeza tu njia ya pili.

Kwa mtu wa biashara, swali la Arrow linavutia. Lakini fikiria matanga ya kwetu. Umefiwa. Majirani wanakuja kulala nje na wewe, wanakoka moto, wanaimba hadi asubuhi. Sasa aje mtu atangaze kwamba kuanzia leo, kila anayekesha kwenye matanga atalipwa shilingi mia tano, na asiyetaka pesa anaweza kukesha bure kama zamani. Kwa karatasi, hakuna aliyezuiwa. Lakini je, kile kitendo kimebaki kile kile? Jirani aliyekuja kwa upendo sasa anaonekana ameokoa shilingi mia tano ya wafiwa. Na tajiri atatuma mia tano kwa M-Pesa abaki kitandani, akidhani amekuja. Bei haiongezi tu njia. Inabadilisha maana ya njia iliyokuwepo. Tangu mwaka 1975 Shirika la Afya Duniani limezihimiza nchi zijenge huduma ya damu ya hiari isiyo na malipo, na mimi naona walichagua vizuri. (Ile soda na biskuti mnayopewa siyo mshahara, jamani. Ni ya kukurudishia maji na sukari usianguke ukienda stage.)

Kwa hiyo damu si amana ya benki, si zamu ya chama, wala si bidhaa. Ni zawadi, na zawadi ikishatoka mkononi mwako imetoka. Yule Msamaria wa Luka 10 alimfunga majeruhi vidonda, akampandisha kwenye mnyama wake, akamlipia dinari mbili kwenye nyumba ya wageni, kisha akaendelea na safari. Hatuambiwi jina lake. Hatuambiwi kama majeruhi aliwahi kusema asante. Hatuambiwi hata kama majeruhi alikuwa mtu mwema.

Na mama aliyeniuliza swali aliniambia sehemu ya mwisho ya hadithi yake karibu kama kitu kisicho na maana. Watu watatu waliopatikana walikuwa vijana wa boda boda kwenye stage iliyo karibu na hospitali. Hakuna aliyemjua wifi. Mmoja wao ni Mwislamu. Damu yao haikuingia kwa wifi moja kwa moja, kwa sababu lazima ipimwe kwanza. Hospitali ilitoa painti mbili zilizokuwa zimebaki kwenye friji, na ya wale vijana ikaenda kujaza pengo. Basi niulize: zile painti mbili zilitoka wapi? Kuna mtu mahali fulani, labda mwanafunzi siku chache kabla shule kufungwa, labda mwalimu, labda mshirika wa kanisa jingine, aliyenyoosha mkono bila kujua kwamba kuna mwanamke anayeitwa wifi ya fulani. Yule mtu hakuulizwa kama wifi ameshatoa. Mama alidhani alinyimwa. Ukweli ni kwamba alipewa, na aliyempa hajui mpaka leo.

Wanaoogopa roho

Kuna swali ambalo watu huniuliza kwa sauti ya chini, na sitaliruka. "Pasta, damu yangu ikienda kwa mganga? Ikienda kwa mtu wa roho nyingine, si tumefanya agano la damu?" Na wanaoongezewa damu nao huuliza kama laana ya ukoo wa mtu inaweza kupita kwenye mrija.

Agano katika Biblia ni mapatano. Kuna pande mbili, kuna maneno, kuna hiari. Mfuko wenye namba hauna maneno wala hauna mapatano. Bwana Yesu alifundisha katika Marko 7 kwamba kinachomchafua mtu kinatoka moyoni mwake, si kile kinachoingia kutoka nje. Tena chembe nyekundu huishi kama siku 120 tu. Baada ya miezi minne mwili wa mpokeaji umezivunja zile ulizompa na umetengeneza za kwake. Kilichobaki ni mtu aliye hai.

Ile amri ya Walawi 17 inakataza kula damu, na sababu inayotolewa ni kwamba uhai wa kiumbe umo katika damu. Wako ndugu wa madhehebu mengine wanaosoma maandiko hayo wakakataa kuongezewa damu. Hatuwacheki. Lakini sisi tunaelewa hivi: amri iliyowekwa ili uhai uheshimiwe haivunjwi na mtu anayetoa sehemu ya damu yake ili mwenzake asife.

Na ikienda kwa mwizi aliyepigwa risasi? Itakuwa imeenda kwa mwizi. Mungu huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki, na sisi tunaomba mvua hiyo hiyo.

Aliyeshika zawadi atoe hesabu

Sasa msinielewe vibaya. Nikisema zawadi ikitoka imetoka, sijasema mtu yeyote afanye nayo apendavyo. Hapa ndipo swali la tatu.

Daudi akiwa ngomeni, Wafilisti wameshika Bethlehemu, alitamani maji ya kisima cha kwao. Wanaume watatu wakapenya kwenye jeshi la adui, wakateka maji, wakamletea. Daudi akakataa kuyanywa. Kwake yale hayakuwa maji tena. Yalikuwa damu ya watu waliohatarisha maisha yao, na akayamimina mbele za Bwana. Tunahubiri sana ushujaa wa wale watatu. Leo mtazameni mpokeaji. Daudi alijua kilichomo ndani ya kile chombo, na hakukigusa kama kitu cha kawaida. Natamani kila anayeshika mfuko wa damu, tangu dereva wa gari la masanduku hadi mwenye ufunguo wa friji, ashike kama Daudi. Mfuko ukiharibika kwa uzembe, kwa sababu stima ilipotea na hakuna aliyejali kuwasha jenereta, mtu asiseme "ni painti moja tu".

Na Paulo, alipobeba mchango wa makanisa kwenda kwa watakatifu wa Yerusalemu, hakusema "niaminini, mimi ni mtume". Aliwatuma Tito na ndugu wengine waliokubaliwa na makanisa, ili asilaumiwe na mtu juu ya ule ukarimu. Alitaka mambo yawe safi mbele za Bwana na mbele za watu pia. Wakorintho hawakuwa wakidai pesa yao irudi. Ilishakuwa ya maskini wa Yerusalemu. Lakini walikuwa na haki ya kujua kwamba imefika.

Hapo ndipo jibu langu kwa yule mama lilipo. Mwenye mali husema, "Nirudishie changu." Mtoaji wa zawadi hawezi kusema hivyo. Lakini anaweza kuuliza, tena kwa sauti, "Ulimpa yule niliyemkusudia?" Anauliza kwa niaba ya mgonjwa, ambaye hana nguvu ya kuuliza. Kwa hiyo tutauliza. Nimewaomba wahudumu wanaokuja watuandikie baadaye: mifuko mingapi ilichukuliwa hapa, mingapi ilipita vipimo, mingapi ilitumwa hospitalini, mingapi iliharibika. Hatutaki jina la mtu yeyote. Tunataka hesabu. Ikifika, itasomwa kwenye matangazo. Isipofika, tutapiga simu. Na mtu akikuomba pesa kando ya wodi "ya kutafutiwa damu", usilipe gizani. Damu yenyewe haiuzwi. Uliza risiti, uliza jina, ripoti kwa wakubwa wa hospitali.

Kutoa kabla ya kuombwa

Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililipuka kwenye ubalozi wa Marekani jijini Nairobi. Zaidi ya watu 200 walikufa na maelfu waliumia. Wakenya walipanga foleni kutoa damu, na baada ya janga hilo ndipo nchi ilijenga huduma ya taifa ya damu. Mwaka 2013, wakati wa Westgate, foleni zilirudi, ndefu ajabu. Ni picha nzuri ya nchi yetu na sitaidharau. Lakini damu ya foleni ile lazima ipimwe kwanza. Mtu anayevuja damu saa hiyo huokolewa na damu iliyotolewa wiki iliyopita, siku ambayo hakuna aliyekuwa akilia kwenye televisheni. Huruma huja pamoja na king'ora. Upendo umeshafika friji ikiwa bado kimya.

Kwa hiyo hatutatoa sote siku moja halafu tukae mwaka. Mwenye duka la maziwa haleti lori moja Januari. Tutagawanya seli zetu za nyumbani katika makundi manne, kila mwezi kundi moja. Kwa mpango huo kila mtu anarudi baada ya miezi minne, muda unaowafaa wanaume na wanawake, na hakutakuwa na mwezi ambao kanisa hili halina kitu kwenye friji. Mpango uko ubaoni karibu na ofisi.

Anayeweza kutoa ni mwenye miaka 16 hadi 65, kilo 50 na kuendelea, mwenye afya njema, na damu ya kutosha. Watampima hapo hapo. Kama uko kwenye mfungo, usitoe siku hiyo. Kula, kunywa maji, uje siku nyingine. Mungu hakasiriki.

Na hili nalisema kwa uzito: hakuna atakayeita majina madhabahuni. Hakuna atakayehesabu nani hakusimama. Wako kati yetu wanaotumia dawa, wako walio na mimba changa ambayo hawajaitangaza, wako wanaojua jambo kuhusu afya yao ambalo ni lao na Mungu. Mtu kama huyo akikaa kitini mwake, naye amempenda mgonjwa. Ukimsukuma kwenye foleni kwa aibu, umegeuza zawadi kuwa kodi, na unaweza kuhatarisha mtu wodini. Usimuulize jirani yako kwa nini. Kama huwezi kutoa, njoo upike chai, ushike watoto wa wanaotoa, uombee ile mifuko kwa namba zake.

Tuombe. Baba, umetupa uhai unaozunguka ndani yetu bila sisi kuuendesha. Tufundishe kuuachilia bila kudai. Wape wanaoushika mikono safi na moyo wa Daudi. Mkumbuke usiku huu mama aliye kwenye meza ya kujifungulia, na mtoto ambaye viganja vyake vimekuwa vyeupe. Friji iliyo karibu nao isiwe tupu. Katika jina la Yesu, Amina.

Tuonane Jumapili. Shalom.